Babu katuachia bunduki ya kuwindia ya zamani, ndugu wanasema ni "ya Mjerumani" na ina mamilioni. Wajuvi njooni tuisome

MjukuuWaMufindi (mleta uzi)

Habari wakuu, poleni na majukumu. Uzi utakuwa mrefu kidogo naomba mnivumilie, maana haya mambo yamefungana na nikikata katikati hamtanielewa.

Babu yetu mzaa baba alifariki mwezi wa tatu, tumemzika kijijini Mufindi, kwenye alivyoacha kuna shamba la chai, ng'ombe wachache, na bunduki. Hii bunduki tumekua tunaiona toka watoto. Jumapili moja moja baada ya ibada alikuwa anaitoa kabatini, anakaa kigoda nje ya jiko, anaifuta na kipande cha khanga ya bibi alichokilowesha mafuta ya cherehani, polepole kabisa, sisi tumekaa mbali kidogo tunaangalia na hakuna anayeruhusiwa kugusa. Mpaka leo nikisikia harufu ya yale mafuta namuona yeye.

Sasa matanga yameisha maneno yameanza. Binamu yangu mmoja anasema hiyo ni bunduki iliyotekwa kwa Mjerumani kule Lugalo na Wahehe wa Mkwawa. Baba mdogo anasema hapana, ni ya askari wa Mjerumani wa vita ya kwanza. Kuna dalali kutoka mjini kasikia habari akaja mpaka nyumbani, akasema hiyo ni mali ya Mjerumani, anaweza kupata mteja wa milioni sitini, ila tusiende polisi maana "tutaikosa". Na kibaya zaidi baba mdogo ili ipendeze kwa mteja ameshapiga msasa kitako chote na kupaka vanishi ya milango, inang'aa kama kabati la sebuleni. Niliumia aisee, sikusema neno maana ni mkubwa wangu, ila niliumia.

Mimi nilivyoiona: mtutu mmoja, nusu ya kwanza una pembe nane halafu unakuwa wa duara kuelekea mbele. Vifyatulio viwili, na hapo ndipo kila mtu anasema ilikuwa na mitutu miwili mmoja umekatwa. Mkono wa bolti ni bapa umelala kama kisu cha kupakia siagi. Juu ya chuma kuna maandishi ya Mauser. Kwenye mtutu pameandikwa Krupp. Kwenye kopo la Blue Band kuna risasi saba za zamani, makalio yake yana herufi DWM.

Leseni za babu zipo, ya kwanza ni ya mwaka 1968. Alikuwa msimamizi wa shamba la tumbaku la Mgiriki mmoja upande wa Iringa, yule bwana alipoondoka nchini akamuuzia kihalali. Hilo tuna uhakika nalo.

Maswali yangu: hii ni bunduki gani hasa, na thamani yake ni nini? Nakaa hapa kusubiri wajuvi.

DadaWaIpogolo

Kamwene mkuu, pole sana kwa msiba.

Kabla ya hao wajuvi wa chuma hawajafika naomba nikwambie kitu kimoja na nakisema kama dada yako. Hiyo bunduki iko wapi SASA HIVI? Kama iko nyumbani chini ya kitanda, kesho asubuhi iende polisi. Leseni ya silaha ni ya mtu aliyeandikwa mle, babu alipofumba macho ile leseni haikuhamia kwa baba yako wala kwa baba mdogo. Hata kama karatasi zote zipo za toka 1968, kwa leo aliyelala nayo ndani anamiliki silaha bila kibali, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo kabisa kwenye hilo. Huyo dalali anayesema msiende polisi anajua anachokifanya, siku mkikamatwa yeye hayupo.

Usiibebe mwenyewe kwenye bodaboda. Nenda kwanza kituoni na cheti cha kifo na leseni za marehemu, waeleze, waje wenyewe au wakuelekeze uilete vipi. Hakikisha wanakuandikia hati ya kuipokea yenye namba ya bunduki na idadi ya risasi. Risasi saba ziandikwe saba.

Halafu kikao cha ukoo kikae, mchague msimamizi wa mirathi, muende Mahakama ya Mwanzo. Nimeshuhudia familia imepata shida mwaka mzima kwa sababu kila mtoto alikuwa anakwenda kituoni kivyake anasema bunduki ya baba ni yangu, na wale mapolisi wa watu wakawa hawajui wamsikilize nani. Mwenye barua ya usimamizi ndiye anayeongea na polisi, wengine wote mnatulia.

BwanaNyamaMstaafu

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimefanya kazi idara ya wanyamapori miaka mingi, bunduki za aina hiyo nimezishika. Dada hapo juu amesema kweli, fanya hilo kwanza. Mimi niseme upande wa chuma.

Kijana, binamu yako mpe pole, Lugalo haiwezekani. Vita ya Lugalo ilikuwa Agosti 1891, na hiyo unayoielezea kwa mkono wake na bolti yake ni muundo wa Mauser 98, ambao Wajerumani waliupitisha jeshini mwaka 1898, mwezi wa nne. Mkwawa alijipiga risasi Julai mwaka huohuo. Kwa hiyo chuma cha namna hiyo kilikuwa kinazaliwa wakati Mkwawa anakufa, hakikuwepo Lugalo.

Na baba mdogo naye, kwa heshima zote, sio bunduki ya askari. Bunduki ya jeshi ina mbao inayokwenda karibu mpaka mdomoni mwa mtutu, ina mahali pa kufunga singe, kilengeo chake kimehesabiwa mpaka mita elfu mbili, na haina mtutu wa pembe nane. Isitoshe askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani hapa kwetu, vita ilipoanza 1914 walikuwa bado na zile za mwaka 71, za milimita 11, za baruti ya moshi, ukipiga moja adui anaona wingu ulipo. Yako ni bunduki ya raia, ilitengenezwa kwa ajili ya mwindaji au mkulima.

Vifyatulio viwili visikusumbue, hakuna mtutu uliokatwa. Hiyo ni desturi ya Wajerumani. Unavuta cha nyuma kwanza, unasikia "tik", basi cha mbele kinakuwa chepesi kama unyoya, ukikigusa tu imelia. Ni kwa kulenga kwa utulivu. NA NDIYO MAANA nasema msiichezee, mtoto akivuta cha nyuma halafu akaiweka chini kwa nguvu, risasi kama imo ndani inatoka.

Sasa kosa la wengi: wanasoma jina la kwanza wanaloliona wanasema hiyo ndiyo bunduki. Mauser pale juu maana yake ni kile chuma cha katikati, chenye bolti, kimetoka kiwanda cha Oberndorf. Krupp wa Essen alitoa chuma cha pua cha mtutu tu, hakuunda bunduki. Mafundi wengi, wa mji wa Suhl na hata wa London, walikuwa wananunua hicho chuma cha katikati Oberndorf halafu wanatengeneza ya kwao juu yake. John Rigby wa London alikuwa wakala wa Mauser kule Uingereza toka mwisho wa karne ile mpaka 1912, na zile Rigby zake za .416 za mwaka 1911 zilijengwa juu ya Mauser hivyohivyo. Kwa hiyo bunduki mbili zote zina neno Mauser, moja inauzwa bei ya pikipiki nyingine bei ya nyumba. Tofauti iko kwenye jina la tatu, la fundi, na kwenye alama ndogondogo za chini ya mtutu ambazo hamjaziona.

Tunataka kujua: mtutu ni wa risasi gani (itaandikwa tarakimu mbili zenye alama ya kuzidisha katikati), kuna alama gani za taji au tai, na namba ya kwenye bolti inafanana na namba ya kwenye mwili?

Kibada_one

Mkuu samahani, mimi nauliza tu kwa nia njema, nimesikia vitu vya Mjerumani ndani huwa vinawekwa zebaki nyekundu na ndiyo inafanya bei inakuwa kubwa, hilo limekaaje?

BwanaNyamaMstaafu

Kijana wangu, hakuna zebaki ndani ya bunduki. Nimefungua nyingi mno. Ndani kuna springi, pini, chuma na uchafu wa baruti. Watu wameuza ng'ombe na mashamba kutafuta hiyo zebaki kwenye cherehani, kwenye redio, sasa kwenye bunduki. Nakuomba usiifuate.

MjukuuWaMufindi

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Tumeipeleka. Niliongea na baba, baba akaongea na mdogo wake usiku kucha, asubuhi wakakubaliana. Polisi walikuja wawili na mwenyekiti wa kijiji, wakaikagua kwamba haina kitu ndani, wakaandika, risasi saba zikaandikwa saba. Hati ninayo. Dada wa Ipogolo Mungu akubariki.

Halafu nikapata bahati. Nilipofika kituoni kufuatilia nikamkuta mtunza ghala la silaha, mzee wa makamo mtaratibu sana, nikamweleza habari ya alama. Aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akaniita, akaiweka juu ya meza palipotandikwa gunia, akafungua skrubu mbili za chini, moja mbele ya magazini na moja nyuma, mbao ikaachia chuma taratibu. Wakuu, ndani ya ile mbao ambako msasa wa baba mdogo haukufika, rangi yake ni ya kahawia nzito kama asali ya nyuki wa miombo, na mistari ya mti inaonekana. Hiyo ndiyo rangi iliyokuwa nje zamani. Nilibaki naangalia.

Alama zilikuwa zimejaa grisi kavu. Yule mzee akafuta kwa kitambaa, akachukua chaki ya kawaida ya shule akaisugua juu ya chuma, akafuta tena kwa kiganja, chaki ikabaki kwenye michoro tu na kila kitu kikasomeka cheupe juu ya cheusi. Nikanakili kwenye daftari maana kupiga picha hawakuruhusu:

Taji na chini yake B. Taji na U. Taji na G. Halafu 9,3 × 62. Halafu St.m.G. Halafu peke yake pembeni, 1127.

Namba ya bolti na ya mwili zinafanana. Juu ya mtutu kati ya kilengeo na mwili, kuna maandishi ya jina la duka yamefutika, lililobaki ni neno la mwisho, Suhl.

Ndani ya mtutu tulimulika na tochi. Mifereji ya kuzungusha risasi ipo, ila karibu na chemba, pale risasi inapokaa, kuna vidoa vyeusi kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui.

BwanaNyamaMstaafu

Safi sana, na huyo mtunza ghala ni fundi wa kweli, ile ya chaki hata sisi tulikuwa tunaitumia.

Sasa tusome. B ni kupimwa kwa kupigwa risasi ya nguvu, U ni kukaguliwa, G ni kwamba mtutu una mifereji. Alama hizo za taji ni za sheria yao ya 1891, walizitumia mpaka ilipokuja sheria ya 1939 wakabadilisha wakaanza kuweka tai. Kwa hiyo kabla hata hatujafika kwenye mwaka, tunajua ni ya kabla ya vita ya pili. St.m.G ni kwamba ilipimwa kwa risasi yenye ganda la chuma.

Na 1127 sio namba ya siri. Ni mwezi na mwaka. Novemba 1927.

Hapo historia ya nchi yetu inaingia kijana. Baada ya vita ya kwanza Wajerumani walifukuzwa Tanganyika, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1925. Wengi walikuja kulima nyanda za juu kusini, Iringa, Mufindi, Mbeya. 1939 vita ilipoanza Mwingereza akawakamata, mashamba na mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Bunduki ya Novemba 1927, iliyoundwa Suhl, ikaishia kwa mkulima wa tumbaku Iringa ambaye akamuuzia babu yako miaka ya sitini. Siwezi kuapa ilipita mikono ya nani lakini njia yake naiona kabisa.

Na hiyo risasi ya 9,3 × 62 ndiyo hasa ya mkulima wa Afrika. Ilibuniwa 1905 na Otto Bock, fundi wa Berlin, aliitengeneza iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida bila kuhitaji chuma kikubwa cha bei ghali. Mkulima alinunua moja tu, akapigia swala wa kitoweo na simba wa zizini na hata mbogo. Tisa nukta tatu ni unene wa risasi kwa milimita, sitini na mbili ni urefu wa ganda.

ONYO: watu hapa kwetu wanaichanganya na .375. Ile ni risasi ya Holland & Holland ya London, ya mwaka 1912, unene wake ni kama milimita tisa na nusu. Atakayeilazimisha kwenye mtutu wa 9,3 ataumia uso. Na hizo saba za DWM (kiwanda cha risasi cha Ujerumani) msizipige kamwe, ni za zamani, zimekaa joto na baridi ya Mufindi miaka yote hiyo. Vile vidoa ndani ya mtutu vinatokana na viberiti vya risasi za zamani vilivyokuwa vinaacha chumvi, usipoosha kwa maji ya moto siku hiyohiyo chuma kinaliwa.

MtuWaErfurt

Wakuu mimi niko Ujerumani, jimbo hilohilo la Thüringen ulipo mji wa Suhl, nimefika kule kwenye makumbusho yao ya silaha. Ule mji bunduki ndiyo maisha yao karne kwa karne, mafundi walikuwa wanagawana kazi, huyu mtutu, huyu mbao, huyu kuchonga maua, halafu duka linaweka jina lake juu. Ndiyo maana jina la duka likifutika bado bunduki haipotezi kila kitu.

Ila kwenye bei tusidanganyane kwa kuwa ni msiba wa mtu. Za namna hii zilitengenezwa nyingi sana. Huku zinauzwa kwa mamia ya euro, ikiwa safi kabisa na fundi anajulikana inapanda mpaka elfu moja, mbili hivi. Zile za makumi ya maelfu ni za majina makubwa ya London, zikiwa na sanduku lake la ngozi na rekodi kwenye daftari za kiwanda. Hiyo ya milioni sitini sahau.

Na samahani mkuu, ule msasa umekula kama nusu ya thamani yake hata kwa bei ya huku. Mnunuzi wa vitu vya zamani analipia ule uzee wenyewe, alama za jasho, vile vichoro vya kushikia vilivyochakaa. Vikishasuguliwa havirudi. Mwambie baba mdogo asijaribu kutoa vanishi kwa msasa tena, aache hapohapo. Wala mtutu msiupeleke kupakwa rangi nyeusi mpya.

BwanaNyamaMstaafu

Niongeze kwa upande wa hapa nyumbani. Bei ya Ulaya haikusaidii maana kuitoa nchini ni vibali juu ya vibali na gharama yake itazidi bunduki. Hapa mnunuzi wako ni mmoja tu, mtu mwenye kibali cha kumiliki au duka la silaha lenye leseni. Na huyo anauliza risasi zitapatikana wapi, za .375 ndizo utakazozikuta kwa urahisi zaidi, za 9,3 utazisubiri. Akishaona na vidoa vya chemba atashusha tena.

Kilicho cha thamani hapo ni zile karatasi. Leseni toka 1968 mfululizo, namba zinafanana, mwaka umethibitika. Zitunzeni pamoja kwenye bahasha moja, zisigawanywe kama urithi kila mtoto na yake.

MjukuuWaMufindi

Wakuu nimesoma yote kwa sauti kwenye kikao cha ukoo jana, kutoka kwenye simu, mstari kwa mstari.

Nilipofika pale pa Novemba 1927 shangazi mkubwa akanyanyua mkono. Akasema babu alizaliwa mwaka huo. Hakuwahi kujua mwezi, kwenye kadi waliandika 1927 tu. Watu walikaa kimya pale ndani, mpaka tukasikia mvua juu ya bati.

Halafu shangazi akaendelea kueleza mambo ambayo sisi wajukuu hatukuyajua. Serikali ilipofunga uwindaji 1973 babu aliifunga kwenye gunia la katani akaining'iniza darini, na ilipofunguliwa tena 1978 hakuwinda tena, alikuwa anaitoa kuifuta tu. Na kwenye Operesheni Uhai ya 1989, ile ya kupambana na majangili, watu wanakamatwa na silaha vijiji vyote, yeye aliichukua mwenyewe akatembea nayo mpaka kituoni na karatasi zake mfukoni, ikakaa huko, akarudishiwa. Shangazi akamgeukia baba mdogo akamwambia, baba yako aliipeleka kwa miguu yake, wewe ulitaka kuificha kwa ajili ya dalali. Baba mdogo aliinama. Baadaye nje aliniambia ule msasa unamuuma, alidhani anaisafisha kwa ajili ya mzee. Nimemuamini.

Tulipofika: shangazi ndiye msimamizi wa mirathi, jalada limeshafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Hakuna kuuza kwa sasa. Baba ataomba kibali kwa jina lake, kuanzia serikali ya kijiji kwenda juu kama ulivyo utaratibu, akikubaliwa tutatengeneza kabati la chuma la kufungia, akikataliwa itauzwa kupitia duka lenye leseni kwa bei yoyote itakayokuwa na fedha itaezeka upya nyumba ya bibi. Zile risasi saba tumeomba polisi waziharibu.

Dalali alipiga simu asubuhi, baba mdogo ndiye aliyepokea, akamwambia iko polisi na ina hati. Alikata.

Nimeomba kwa yule mtunza ghala kwamba siku nikifika tena niende na kile kipande cha khanga cha bibi na chupa ya mafuta ya cherehani. Amesema nije Ijumaa.